Ruka, tambaa, nyata: michezo minne ya vitenzi kwa kitabu cha picha, na jinsi ya kuchagua

Mtoto ana miaka miwili na nusu, yuko mapajani pangu, kitabu kiko wazi kwenye ukurasa wa chura. Chura yuko hewani, miguu ya nyuma imenyooka. Namuuliza, "Chura anafanya nini?" Anajibu, "Chura." Nauliza tena, taratibu zaidi. "Chura kijani." Mara ya tatu alinichoka. Akateleza hadi sakafuni, akachuchumaa, akajirusha mbele na kutua kwa viganja. "Hivi!"

Jibu alikuwa nalo muda wote, ila hakuwa na neno la kulibebea. Na mimi nilikuwa na sekunde mbili tatu za kumpa neno hilo, nikazimaliza kwa kucheka.

Baada ya hapo nimejaribu michezo mingi, nyumbani na katika vikundi vya chekechea, yote ikiwa na nia moja: kitabu kitoe tendo, mwili ulifanye, neno likae. Minne ndiyo iliyodumu. Wazazi na walimu wenzangu huuliza upi ni bora, na kila mara nawauliza wao kwanza: unataka mtoto asikie kitenzi, au akitamke? Unao mtoto mmoja au ishirini? Ni asubuhi au ni saa ya kulala? Michezo hii inafanana kwa mbali, lakini haifundishi kitu kimoja.

Kwa nini kitenzi kinasumbua

Picha ya kikombe ni kikombe. Picha ya chura hewani inaweza kuwa anaruka, anaanguka, anaogelea, ananyoosha miguu, au anamkimbia nyoka ambaye mchoraji hakumchora. Mwanasaikolojia Dedre Gentner aliandika mwaka 1982 kwamba watoto hutangulia kujifunza majina ya vitu kwa sababu vitu vinaonekana vikiwa vizima, ilhali tendo inabidi lichambuliwe kutoka katika mambo mengi yanayotokea kwa pamoja. Hoja hiyo ilipata wapinzani. Mwaka 1996 Twila Tardif alionyesha kwamba watoto wanaokua na Kichina cha Mandarini hawazipendelei nomino namna hiyo. Lugha yenyewe ina mkono wake.

Kiswahili nacho kina lake. Kitenzi chetu hakitoki nyumbani bila msafara. Mtoto anasikia "sukuma!", "anasukuma", "nimesukuma", "usinisukume", "wanasukumana", na katika hayo yote inabidi agundue kipande kimoja, sukum-, ambacho hakuna mtu duniani anayekitamka kikiwa peke yake. Mchezo unaompa amri tu unamwonyesha uso mmoja wa kitenzi. Mchezo wa kusimulia unamwonyesha mwingine. Hili silioni likitajwa sana watu wanapolinganisha michezo, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Vigezo nilivyotumia

Kila mchezo nimeupima kwa mambo matano. La kwanza ni umbo la kitenzi linalotawala, yaani kama mtoto atasikia "ruka", "anaruka", "turuke" au "nikaruka". La pili ni kinywa: nani anasema, mkubwa au mtoto? Kuelewa neno na kulitamka ni mambo mawili, na michezo mingi inafundisha la kwanza huku ikidhaniwa inafundisha yote. La tatu ni umri na idadi. La nne ni nafasi, kelele na jasho. La tano ni kitabu: je, kinabaki katikati ya mchezo, au baada ya dakika tatu kiko chini ya kiti?

Kuhusu jasho, neno kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, na kwa mwenye miaka 3 na 4, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kuhema. Mchezo wa kitabu hautazimaliza, lakini baadhi ya michezo hii inachangia kuliko mingine. Watu hupenda pia kutaja utafiti wa Olaf Hauk na wenzake wa mwaka 2004, ulioonyesha kwamba mtu akisoma neno la tendo la mguu, mkono au uso, sehemu za ubongo zinazohusika na mwendo wa viungo hivyo huamka. Unavutia. Lakini ulipima watu wazima waliotulia wakisoma, na hauwezi kukuambia ucheze nini kesho asubuhi.

Kuna kanuni moja inayofaa kwa michezo yote minne, kwa hiyo naisema hapa nisiirudie: neno litangulie tendo. Michael Tomasello na Ann Kruger waliripoti mwaka 1992 kwamba watoto wa karibu miaka miwili walijifunza kitenzi kipya vizuri zaidi waliposikia neno muda mfupi kabla ya tendo kuliko walipolisikia tendo likiendelea. Ukitazama mtoto akiruka utaelewa. Akiwa hewani ana shughuli nyingi, hana masikio. Sema "sasa utaruka" akiwa bado amechuchumaa.

Mchezo wa kwanza: Tenda ukurasa

Unavyochezwa. Unasoma ukurasa mmoja, unatua, mnafanya tendo lililochorwa, mnakaa, mnafungua unaofuata. "Paka ananyata. Haya, tunyate." Ndiyo hivyo tu. Siri iko katika kukaa. Bila ishara ya kurudi chini, kwa mfano viganja juu ya magoti, tendo la kwanza linakuwa la mwisho na paka wako anaishia jikoni.

Kitenzi. Unapata maumbo mawili yakifuatana mara moja: "ananyata", "tunyate". Hapo ndipo mtoto anapoanza kuona kwamba nyat- ni ileile. Mchezo huu pia ndio pekee unaolikabili tatizo ambalo vitabu vya picha vinatuwekea bila kusema. Picha haisogei, kwa hiyo mara nyingi inaonyesha hali na si mwendo: dubu amelala, bibi ameketi, punda amebeba mzigo, mtoto amevaa kofia. Ukimwuliza mtoto "anafanya nini?" kwenye ukurasa wa namna hiyo umempa swali lisiloendana na picha. Mwili unaweza kuyatenganisha. Jishushe polepole kuelekea kwenye mkeka ukisema "nakaa... nakaa... nakaa", kisha makalio yakigusa chini, "nimekaa!" Fanyeni mara tatu. Watoto hucheka pale pale kila mara, kwenye "nime", na sijui kama kuna somo la sarufi linalolipa haraka kuliko hilo.

Kinywa. Mwanzoni unasema wewe. Kwenye usomaji wa tatu au wa nne, acha pengo: "Paka ana..." Kwa bahati nzuri ya lugha yetu, pengo hilo linaangukia penye mzizi hasa, na mtoto anajaza kitenzi chenyewe.

Umri na idadi. Kuanzia mwaka mmoja na nusu. Mtoto mmoja hadi sita. Wakizidi, wa nyuma hawaoni picha na wanaanza mchezo wao.

Nafasi. Ukubwa wa mkeka. Jasho kidogo.

Kitabu. Hakiondoki mkononi. Ila hadithi inakatikakatika, na kwa kitabu chenye kisa cha kusisimua hilo ni kero. Mtoto anayetaka kujua kama sungura ataponea chupuchupu hataki kusimamishwa aruke. Someni hicho kwa utulivu, mcheze na kingine.

Unamfaa nani. Mwenye mtoto mmoja au wawili, wa chini ya miaka mitatu, nyumba ndogo, na mlezi aliyechoka. Mwenye kundi kubwa atateseka nao.

Mchezo wa pili: Saimoni anasema

Unavyochezwa. Unaujua: "Saimoni anasema, tambaa!" na wote wanatambaa, ukisema "tambaa!" bila Saimoni, anayetambaa amekosea. Kwa kitabu, mpe cheo mnyama wa hadithi, "Kobe anasema", na amri itoke kwenye ukurasa uliofunguliwa.

Kitenzi. Hapa amri inatawala: ruka, rukeni, simama, simameni. Ni mahali pazuri pa kumzoeza mtoto zile amri zisizofuata mkumbo, njoo, nenda, lete, ambazo hawezi kuzibuni mwenyewe. Zaidi ya hapo, hakuna mchezo unaofundisha vitenzi vya jozi vizuri kama huu, kwa sababu kosa linaonekana papo hapo. "Inua mkono" na "inuka" si kitu kimoja. "Geuza kitabu", "geuka". "Kunja", "kunjua". "Funga macho", "fungua macho". "Panda", "shuka". Ukimwambia mtoto wa miaka minne "inuka" naye akainua mkono, umejua kwa hakika kile ambacho mazungumzo ya kawaida yangekificha kwa wiki nzima. Na bure kabisa unapata ukanushi: watoto wenyewe hupiga kelele "Kobe hajasema!", na "haja-" hiyo huingia bila mtu kuifundisha.

Kinywa. Hapa ndipo mchezo unapopungua. Mtoto anaweza kutii amri mia moja asitamke kitenzi hata kimoja. Kwa anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili, huo ukimya ni faida. James Asher, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha San José State nchini Marekani, tangu miaka ya 1960 alijenga mbinu nzima ya kufundisha lugha juu ya amri na mwitikio wa mwili, kwa hoja kwamba mwanafunzi aachwe aelewe kwanza bila kulazimishwa kusema. Kwa mtoto ambaye tayari anazungumza, mpokeze uongozi mapema. Akiwa Kobe, atasema.

Tahadhari nyingine: watoto huigana. Kundi zima likichuchumaa, huenda ni wawili tu walioelewa neno na kumi wakawatazama hao wawili. Mimi huchomeka kitenzi ambacho hakijazoeleka, "chechemea" kwa mfano, halafu natazama nani anaanza na nani anageuza shingo kwanza.

Umri na idadi. Kuelewa amri ni rahisi hata kwa wa miaka miwili. Kujizuia ndiko kugumu. Wengi wa miaka mitatu hawawezi: neno likitoka, miguu imeshaondoka. Kwao ondoa mtego, amri zote ziwe halali. Kuanzia miaka minne na nusu hivi mtego unakuwa ndio utamu wenyewe. Idadi haisumbui, kuanzia watatu mpaka darasa zima. Ila usimtoe nje aliyekosea. Aliyekosea ndiye anayehitaji zamu zaidi, na mchezo wa kutoana unamkalisha yeye pembeni huku wanaojua tayari wakiendelea kufanya mazoezi.

Nafasi. Kila mtoto awe na upana wa mikono yake miwili. Kelele nyingi, jasho la kutosha.

Kitabu. Hapa pabaya. Baada ya dakika tano amri zinakutoka kichwani kwako na kitabu kimelala sakafuni. Jifunge kwa sharti: hakuna amri mpaka ukurasa ufunguliwe, na mtoto mmoja awe mfunguaji wa kurasa.

Unamfaa nani. Kundi kubwa lenye nguvu za kumwaga, darasa lenye watoto wa lugha tofauti, mlezi anayetaka kupima nani anaelewa nini.

Mchezo wa tatu: Bubu

Unavyochezwa. Mtoto mmoja anapewa kitabu, anachagua ukurasa kwa siri, anakirudisha kikiwa kimefungwa, kisha anaigiza tendo bila sauti. Wenzake wanalitaja, na aliyepatia anautafuta ukurasa wenyewe ili kuthibitisha.

Kitenzi. "Anafanya nini?" "Anapiga mbizi!" Kisha, mchezaji akishamaliza, muulize, "Ulikuwa unafanya nini?" na inatoka "nilikuwa napiga mbizi", umbo refu ambalo mtoto hulipata mara chache katika michezo mingine. Wakiigiza wawili wawili unafungua mlango wa vitenzi vya kutendana: wanavutana, wanafuatana, wanakumbatiana, wanasukumana kwa adabu.

Lakini dhahabu ya Bubu iko kwenye mabishano. Niliwahi kuwa na watoto watano wa miaka mitano, na mmoja wao akaigiza ukurasa wa chui: ameinama, hatua ndefu, kila mguu unashuka kama unaogopa kuamsha sakafu. Wa kwanza akasema, "Anatembea." Wote wakapinga. "Ananyata," akasema wa pili. Nikadhani tumemaliza. Wa tatu, msichana ambaye kwa kawaida huongea na viatu vyake, akasema kwa sauti, "Hapana, ananyemelea! Macho yake yanamwangalia mtu!" Tukafungua kitabu. Kwenye kona ya ukurasa, nyuma ya kichaka, kulikuwa na swala. Kunyata ni namna ya kwenda, unaweza kunyata usiku ukaenda kunywa maji. Kunyemelea kuna anayenyemelewa. Tofauti hiyo ningeieleza kwa dakika kumi na nisieleweke. Wao waliipata kwenye macho ya mwenzao. Maneno mengine yanayozaa ugomvi mzuri wa aina hii: chuchumaa, inama na piga magoti, vuta, buruta na kokota, ruka na rukaruka, anguka na bingirika.

Kinywa. Mchezo huu unasemesha kuliko yote. Kila mtazamaji ana haki ya kukisia, na makisio mabovu nayo ni vitenzi.

Umri na idadi. Kuanzia miaka minne. Wa miaka mitatu hawezi siri, atasimama mbele ya wote na kutangaza, "Mimi ni chura!" Watatu hadi wanane ndiyo idadi yake. Wakiwa kumi na tano, zamu inachelewa, na mtoto anayesubiri zamu hujitafutia kazi.

Nafasi. Padogo panatosha. Anayetoka jasho ni mmoja, wengine wamekaa. Kama lengo lako ni kuwachosha, si huu.

Kitabu. Kinatoka mshindi. Mchezo hauishi mpaka ukurasa upatikane, na watoto huukagua kwa makini ambayo usomaji wa kawaida hauwapi.

Unamfaa nani. Kundi dogo la watoto wanaozungumza tayari na wanaohitaji kutoka kwenye vitenzi vya jumla kwenda kwenye vitenzi mahususi. Mwenye haya usimsukume jukwaani. Mpe mwenzake waigize pamoja, au mwache awe mtafuta kurasa mpaka siku atakayotaka mwenyewe.

Mchezo wa nne: Njia ya hadithi

Unavyochezwa. Kurasa zinatandazwa kwa vituo, uani, ukumbini au kwenye korido, na mtoto anahama kutoka kituo hadi kituo kwa tendo la picha aliyoiona: kutoka kwa kobe hadi kwa sungura anatambaa, kutoka kwa sungura hadi mtoni anaruka. Wazo la kuweka kitabu njiani lilipata umaarufu kupitia Anne Ferguson, aliyelianzisha mwaka 2007 huko Montpelier, jimbo la Vermont, Marekani, ambako kurasa zilipangwa kando ya njia za kutembea ili familia zisome zikiwa mwendoni. Kuongeza vitenzi vya kuhamia kituoni ni hatua ndogo tu.

Kabla hujachukua mkasi: kurasa za kitabu zimechapwa pande zote mbili, kwa hiyo ukitaka kuzitandaza zote unahitaji nakala mbili. Mimi sikati. Naweka takia moja kila kituo, nabeba kitabu mkononi, na kila takia ni ukurasa mmoja. Watoto wakubwa kidogo huchora picha za vituo wao wenyewe.

Kitenzi. Vitenzi vya mwendo vyenye mwelekeo vinapata mahali pao hapa: panda, shuka, ingia, toka, vuka, zunguka, pita, rudi. Ndani ya chumba kidogo "vuka" ni neno tu. Ukiwa na kamba mbili chini zinazojifanya mto, ni tendo. Na mwisho wa njia kuna zawadi nyingine. Mkalishe mtoto, muulize ilikuwaje. "Nikatambaa, nikaruka, nikapanda, nikaanguka, nikainuka." Ile -ka- ya hadithi, ambayo kitabuni huisikia tu, sasa inatoka kwake kwa sababu ana safari ya kusimulia.

Kinywa. Njiani, kimya au kelele zisizo na maneno. Mkubwa yuko mbali, sauti inapotea. Usimulizi wa mwisho ndio unaookoa, kwa hiyo ukiuruka kwa sababu muda umekwisha, umebaki na mazoezi ya viungo tu.

Umri na idadi. Miaka miwili hadi saba, na ndio mchezo pekee kati ya minne ambao ndugu wa umri tofauti hucheza pamoja bila mmoja kuchoshwa. Waende kwa makundi ya watatu watatu.

Nafasi. Kubwa, na maandalizi ya nusu saa mara ya kwanza. Angalia sakafu, soksi juu ya vigae na kitenzi "kimbia" havielewani. Jasho, tele. Kama kuna mtoto anayetumia kiti cha magurudumu au ambaye miguu yake haina nguvu, panga vituo vya mikono kwa wote: sukuma, vuta, beba, pepea, zungusha. Wote wacheze vituo hivyohivyo, asiwe yeye mwenye njia yake ya pembeni.

Kitabu. Hugeuka alama ya barabarani. Kisomeni kwanza mkiwa mmekaa, la sivyo hadithi haitajulikana kamwe.

Kasoro yake kuu ni mbio. Mtoto mmoja akisema "nimewashinda!" hakuna anayetazama picha tena. Dawa ninayoitumia ni vitenzi vya polepole, nyata, kokota, chechemea, kwenye vituo vya mwisho. Haiwezekani kuchechemea kwa kasi bila kucheka, na anayecheka hupunguza mwendo.

Unamfaa nani. Mwenye uwanja, muda, na watoto wa rika mchanganyiko.

Kitabu gani kiingie mchezoni

Kwa yote minne, tafuta tendo moja kwa ukurasa, na mwili mzima uonekane. Nashangaa vitabu vingapi vizuri vinawakata wahusika kiunoni. Huwezi kujifunza "chuchumaa" kwa mtu asiye na magoti. Mhusika mmoja anayerudi ukurasa baada ya ukurasa husaidia, kwa sababu kinachobadilika kinakuwa ni tendo peke yake. Vitabu visivyo na maneno ni vizuri sana kwa Bubu. Vitenzi vitano au sita kwa kikao vinatosha, viwili kati yake vikiwa vipya.

Kwa hali yako

Mtoto wako hajafika miaka mitatu na mko wawili tu: Tenda ukurasa, kitabu kilekile siku nne tano mfululizo. Atakuchosha wewe kabla ya kujichosha mwenyewe.

Una darasa la watoto ishirini na mvua inanyesha: Saimoni anasema, bila kutoana, na kila mmoja apate kuwa Saimoni kabla ya wiki kwisha.

Mtoto anaelewa kila kitu lakini hujibu kwa kuonyesha kidole: usimpeleke moja kwa moja kwenye Bubu. Anza na mapengo ya "ana..." katika Tenda ukurasa, kisha mpe uongozi wa Saimoni, ambako neno moja tu linatosha kuwaendesha watu wazima. Madaraka hufungua vinywa vingi.

Mtoto anatumia "enda" na "fanya" kwa kila jambo, naye ana miaka mitano: Bubu, pamoja na kitabu chenye wanyama wanaotembea kwa namna tofauti.

Anajifunza Kiswahili upya, nyumbani kuna lugha nyingine: Saimoni kwa wiki mbili tatu akiwa msikilizaji, halafu Tenda ukurasa. Usihesabu maneno anayosema, hesabu anayoyatii.

Ndugu watatu, mmoja wa miwili, mwingine wa saba: Njia ya hadithi. Mkubwa awe msomaji wa vituo.

Ni saa ya kulala: hakuna hata mmoja kati ya hii minne ninaoupendekeza, isipokuwa Tenda ukurasa kwa vitenzi vya kupoa tu, jinyooshe, piga miayo, jikunyate, jifunike, funga macho. Au jaribu Sanamu: unasoma, unataja tendo, mtoto anajigandisha katika umbo hilo huku ukihesabu hadi kumi kwa kunong'ona. Ameinama. Amelala. Siku nyingine hasubiri ufike kumi.

Na kama hujapanga lolote, umeshika kitabu tu, na mtoto ameshateleza kutoka mapajani na kuruka kama chura mbele yako, usimrudishe. Weka kidole kwenye ukurasa, subiri achuchumae kwa mara ya pili, umwulize kabla hajaondoka chini, "Unaruka tena?"